Bahari Sebuleni

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wahenga walioutunga usemi huu walikuwa wakiiwazia bahari kuu, wala hawakuota kwamba siku moja binadamu angejaribu kuifungia bahari hiyo ndani ya kioo na kuiweka baina ya kochi na runinga. Hata hivyo, mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili jijini Nairobi alikuja kuung'amua ukweli wa usemi huo papo hapo sebuleni mwake, katika lita thelathini tu za maji, kwa gharama ya shilingi elfu kumi na mbili na uhai wa samaki mmoja.

Mwalimu huyo ni mzawa wa Shimoni, kijiji cha wavuvi kilichoko kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, mkabala na kisiwa cha Wasini. Babake alivua kwa madema na mshipi hadi siku alipoaga dunia. Mamake alibaki kijijini kwa miaka kadhaa, mpaka magoti yalipoanza kumsaliti. Ndipo mwana alipokata shauri la kumleta Nairobi ili awe karibu na matibabu. Nyumba yenyewe iko ghorofa ya tatu, na ngazi zake ni nyingi kwa mtu mwenye magoti mabovu. Bi mkubwa alipanda mara moja, akawa hashuki ila siku ya kwenda kliniki.

Hakulalamika. Lakini kila alfajiri, baada ya kuswali, aliuliza swali lile lile alilolizoea tangu usichana wake: "Maji yamejaa au yamekupwa?" Hapakuwa na mtu nyumbani wa kumjibu. Mjukuu wake, binti wa darasa la nne, alicheka akasema, "Bibi, hapa maji hutoka mferejini, tena Jumanne na Ijumaa tu." Wote walicheka. Baba mtu ndiye hakucheka. Swali lile lilimwingia moyoni likakaa.

Hivyo ndivyo wazo la tangi la samaki wa baharini lilivyozaliwa. Mwalimu alikuwa amejiwekea akiba ya shilingi elfu sitini. Aliona si busara kuitumia yote kwa jambo asilolijua, akaamua kuanza na kidogo. Mtu angedhani huo ndio uangalifu wenyewe. Kumbe katika shughuli hii, udogo ndio mtego wa kwanza. Alinunua tangi la lita thelathini pamoja na pampu ndogo ya hewa. Binamu yake, dereva wa lori, akamletea maji ya bahari katika mitungi miwili ya lita ishirini. Siku ile ile maji yalipomiminwa, aliingizwa ndani kitatange mchanga aliyenunuliwa kwa mwuzaji mmoja mjini: samaki wa rangi ya samawati iliyokolea, mwenye mizunguko myeupe mwilini mithili ya mawimbi yaliyorushiwa jiwe. Bi mkubwa alisogezewa kiti. Alimtazama kitatange jioni nzima bila ya kusema neno.

Siku ya tatu samaki aliacha kula. Maji yalikuwa yamepungua kidogo kwa mvuke, naye mwalimu akayajazia kwa yale ya bahari yaliyosalia mtungini. Mamake alimkemea kwa upole: "Jua hunywa maji, mwanangu, halinywi chumvi. Ukiongeza maji chumvi juu ya chumvi, unataka kufanya shamba la chumvi? Tia maji baridi." Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, lakini yalikuwa yamechelewa. Usiku ule wa Julai kulikuwa na baridi kali, na tangi halikuwa na kipasha-joto. Siku ya sita kitatange alikutwa amelala ubavu.

Mwalimu alitaka kumwondoa kabla mamake hajaamka. Hakuwahi. Bi mkubwa alisimama pale, mkono ukiwa ukutani, akasema: "Huyu hakufa, baba. Ameuawa. Wala si kwa chuki, ni kwa haraka." Kisha akarudi chumbani. Kwa siku nyingi baada ya hapo hakuuliza tena kama maji yamejaa au yamekupwa.

Kimya hicho ndicho kilichomtia mwalimu adabu. Angaliweza kulitupa tangi lile na kusahau. Badala yake alianza kusoma, na aliyoyasoma yalimwonyesha kwamba samaki yule alikuwa amehukumiwa kifo kabla hajaingia majini. Kwanza, kitatange wa aina ile hukua hadi kufikia sentimita arobaini. Kumtia katika lita thelathini ni sawa na kumfuga ng'ombe stoo. Pili, tangi lilikuwa jipya, na maji mapya, hata yawe safi namna gani kwa macho, hayana wafanyakazi. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi chake, nayo mabaki ya chakula yakioza huongeza amonia hiyo hiyo, ambayo ni sumu. Baharini kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hawa hukaa juu ya mawe, mchanga na vichujio, nao huchukua majuma manne hadi sita, pengine zaidi, kuenea vya kutosha. Mwalimu alikuwa amewapa saa moja.

Tatu, na hili ndilo lililompindua fikra kuhusu bajeti, tangi dogo si rahisi kulitunza bali ni gumu. Maji yakiwa machache, kila kosa ni kubwa: punje ya chakula iliyosahauliwa, joto lililoshuka usiku, kikombe kimoja cha maji kilichokauka. Maji yakiwa mengi, kosa lile lile humezwa. Anayeanza, basi, ndiye anayehitaji tangi kubwa kuliko bingwa. Aidha, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari; hewa yake ni nyepesi, na kwa hiyo maji yake hubeba oksijeni kidogo kuliko yale ya Shimoni. Ni lazima yakorogwe vizuri zaidi.

Katika kusoma kwake, mwalimu aligundua pia kwamba hakuwa wa kwanza kuua kwa mapenzi. Nyumba ya kwanza ya samaki iliyofunguliwa kwa umma ilianzishwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1853. Mwaka uliofuatia, Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kuhusu ufugaji wa viumbe wa baharini katika vioo, na Uingereza nzima ikashikwa na homa ya matangi. Watu walimiminika fukweni wakiwa na ndoo na nyundo. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907 kuhusu maisha yake na babake, alisikitika kwamba vidimbwi vya mwambani walivyovipenda vilikuwa vimeporwa na wale wale waliofundishwa na babake kuvipenda. Mwalimu alipoyasoma hayo alimkumbuka kitatange wake, akaona haya.

Lakini historia hiyo ilimpa tumaini pia. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Indonesia aliueleza ulimwengu jinsi alivyotunza matumbawe na samaki kwa kutumia mawe yaliyotoka baharini yakiwa na uhai wake, mwanga wa jua na mapovu ya hewa tu. Siri yake haikuwa mitambo ya bei ghali. Mawe yenyewe ndiyo yaliyokuwa kichujio. Kwa mtu mwenye shilingi elfu arobaini na nane zilizosalia, habari hiyo ilikuwa bishara njema.

Alikaa mezani na binti yake wakapiga hesabu. Fundi wa vioo angewatengenezea tangi la urefu wa sentimita mia moja, upana arobaini na kimo arobaini, yaani lita mia moja na sitini, kwa shilingi elfu kumi na moja. Seremala angefanya meza imara kwa elfu sita, maana lita moja ya maji ni kilo moja na zaidi, na tangi zima lingekuwa na uzito wa watu watatu waliosimama pamoja. Ilibidi liwekwe kando ya ukuta ulio juu ya boriti, wala si katikati ya sakafu. Taa ya kawaida, pampu mbili za kukoroga maji, kipasha-joto na pampu ya hewa ya betri kwa siku za umeme kukatika vilipatikana kwa elfu kumi na nne kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Vipimo vya amonia, nitriti na nitrati pamoja na kipimachumvi vilimeza elfu sita. Chumvi ya kutengenezea maji ya bahari ilichukua elfu tano. Jumla ikawa elfu arobaini na mbili.

Mawe yalimtatiza. Kuyatoa baharini yakiwa hai hakukuwa jambo la kufikiriwa. Katika hifadhi za taifa za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968, haramu ni kuchukua chochote, na matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hivyo basi biashara yake ya kimataifa haifanywi bila vibali. Binamu mwenye lori ndiye aliyetegua kitendawili. Pwani kuna machimbo ya mawe ya kujengea, na mawe hayo ni matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Vipande vilivyovunjika havina mnunuzi. Aliletewa gunia zima kwa bei ya soda. Yalikuwa makavu, yenye vitundu tele, na hakuna kiumbe hai aliyeng'olewa kwa ajili yake.

Hesabu haikuishia hapo. Baada ya mawe na mchanga kuchukua nafasi yao, tangi lingebeba maji ya lita mia moja na arobaini hivi. Kila lita huhitaji gramu thelathini na sita hivi za chumvi, yaani kilo tano za kuanzia. Lakini kubadilisha asilimia kumi ya maji kila juma ni nusu kilo nyingine kila juma, na kwa mwaka ni kilo ishirini na sita. Na chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa bahari si chumvi hiyo pekee. Ina magnesi, kalisi, potasi na mengineyo. Umeme nao ulikadiriwa kuwa yuniti sitini na nane kwa mwezi. Binti aliziandika tarakimu hizo kwa kalamu nyekundu, akasema, "Baba, kununua si kazi. Kazi ni kulisha." Mwanafunzi wa darasa la nne alikuwa amefikia hitimisho ambalo watu wazima wengi hulifikia wakiwa wameshatumbukia.

Ikawa tangi limesimama. Maji yaliyochujwa yalinunuliwa kwenye kibanda cha maji mtaani, yakachanganywa na chumvi mpaka kipimo kikasoma 1.025. Joto likawekwa kwenye nyuzi ishirini na sita. Kisha mwalimu akatumbukiza kamba mmoja aliyekufa, akamwacha aoze.

Bi mkubwa, aliyekuwa akiyatazama haya kwa mbali, hakuweza tena kujizuia. "Unamtia kamba aoze makusudi?"

"Ndiyo, Mama. Huyu ndiye chakula cha bakteria. Samaki hataingia mpaka wao wawe tayari."

"Na watakuwa tayari lini?"

"Majuma sita. Subira, Mama."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. "Safari hii," alisema, "umeuliza maji kabla ya kuyaingia."

Majuma yale sita yalikuwa ya kuangalia tangi lisilo na kitu. Wageni walicheka. Lakini bi mkubwa, aliyelelewa katika kuyasoma maji, aliona mengi. Juma la pili mawe yalipata utando wa rangi ya kahawia. Yeye aliuita ukoga, akasema ukoga huja kwanza na mwani hufuata. Alipoona maji yanazunguka upande mmoja tu na uchafu kutulia pembeni, aliwaambia kwamba hayo ni maji mafu, na kwamba mwamba hupenda bamvua. Pampu moja ikageuziwa upande wa pili. Mwalimu alichukua daftari akawa anaandika. Vitabu vyote alivyokuwa ameviazima vilikuwa vya Kiingereza, na alikuwa amehangaika akitafuta maneno ya Kiswahili ya mambo hayo, hali kamusi hai ilikuwa imekaa chumba cha pili ikinywa chai ya tangawizi. Kangaja, tasi, pono, bunju: mama aliyataja majina, tabia na majira ya kila mmoja. Mjukuu alichora, baba akaandika. Daftari likawa linajaa kuliko tangi.

Jioni moja alisimulia habari za mwaka 1998. Bahari ilipata joto lisilo la kawaida mwaka ule wa El Niño, na matumbawe ya pwani yakapauka. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na mwani mdogo mno ndani ya miili yao; mwani huo huwalisha na kuwapa rangi. Joto likizidi kwa nyuzi moja au mbili kwa majuma kadhaa, wao huufukuza mwani huo, wakabaki weupe, na wasipoupata tena hufa. Mzee hakuyajua maelezo hayo. Alirudi na ngarawa yake mchana, akakaa mlangoni, akasema: "Mwamba umevaa sanda." Mwalimu wakati ule alikuwa bwenini shuleni. Hakuwahi kuambiwa neno hilo mpaka jioni ile, mbele ya tangi tupu.

Juma la sita amonia ilisoma sifuri, na nitriti sifuri. Waliingizwa samaki wawili wadogo wa anemoni, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, walionunuliwa kwa mvuvi mwenye leseni. Bi mkubwa aliwafahamu mara moja. Samaki hawa hawakui sana, hustahimili, na huishi hata pasipo anemoni yenyewe, ambayo ni ngumu kuitunza. Wote huzaliwa madume, na katika jozi yule mkubwa ndiye hugeuka kuwa jike. Mjukuu alipoelezwa hilo alicheka hadi machozi. Majuma mawili yalipita, kisha mwezi. Hakuna aliyekufa. Na alfajiri moja swali likarudi: "Maji yamejaa au yamekupwa?" Mjukuu akakimbia kutazama alama iliyochorwa kwenye kioo. "Yamekupwa kidogo, Bibi!" Bibi akajikokota kwa fimbo yake, akamimina kikombe kimoja cha maji baridi.

Desemba ilipokaribia, zamu ya mwalimu katika chama ilifika: shilingi elfu thelathini. Hizo ndizo alizokuwa amezipangia tangu mwanzo. Tangi bila matumbawe halikuwa mwamba. Lilikuwa mawe na samaki. Matumbawe laini yaliyokuzwa kwa vipandikizi yangehitaji taa yenye nguvu, na taa hiyo bei yake ilikuwa elfu ishirini na nane. Yangehitaji pia nitrati kidogo zaidi na joto lisilobadilika hata umeme ukikatika usiku kucha. Matumbawe magumu yangezidisha: kalisi ya miligramu mia nne na zaidi kwa kila lita, ikipimwa na kuongezwa kila mara, maana wao hujenga mifupa yao kwayo. Mwalimu alijua sasa kwamba anaweza kuyanunua. Hakuwa na hakika kwamba anaweza kuyalisha.

Alimweleza mamake hesabu yote, bila ya kumficha lolote. Bi mkubwa alisikiliza akiwatazama wale samaki wawili wakilinda jiwe lao. "Hii si bahari, mwanangu," alisema hatimaye. "Ni salamu zake. Salamu nimezipata. Je, mwenyewe siwezi kumwona?"

Taa haikununuliwa. Zilinunuliwa tiketi tatu za treni ya kwenda Mombasa, na gari la kukodi kuvuka Likoni hadi Shimoni. Jirani aliachiwa funguo na maagizo yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: chembe chache za chakula mara moja kwa siku, maji baridi mpaka kwenye alama, asithubutu kuongeza chumvi. Walifika Shimoni wakati wa bamvua. Maji yalipokupwa, bi mkubwa aliketishwa juu ya kiti cha plastiki penye mwamba mkavu, miguu yake ikiwa ndani ya kidimbwi, na mjukuu wake akawa anamletea habari: "Bibi, huyu ni nani? Na huyu?" Naye akawataja mmoja mmoja. Hapo kitatange mchanga alijitokeza chini ya jabali, samawati na mizunguko yake myeupe, akarudi ndani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walirudi Nairobi usiku wa siku ya nne wakiwa wamechoka. Bi mkubwa alipanda ngazi zile polepole, akishikwa mkono huku na huku, akapumzika kwenye kila ghorofa. Mlango ulipofunguliwa hakwenda kitandani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tangi, akawahesabu samaki wawili, akatazama alama kwenye kioo. Kisha akaomba kikombe.